Apu ya mazoezi ya ubongo kwa wazee: nimemlipia mama ya mwaka mzima, haya ndo maoni yangu

Naanza na jibu kabisa maana najua wengi mnataka kujua tu ulipie au usilipie. Kama mzazi wako ana miaka 70 na kitu, kaanza kurudiarudia stori, na wewe uko mjini unaona hizi apu za kufundisha ubongo zinakupitia kwenye simu kila ukifungua, mimi nasema usilipie ya mwaka. Ile hela mpeleke kwanza akapimwe masikio, presha na kumbukumbu, ikibaki ndo uangalie mambo ya magemu. Apu naipa nyota 2 kati ya 5 na hizo 2 ni haki yake, nitaeleza. Kliniki ya kumbukumbu tuliyoenda naipa 4.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu, yuko Machame, wilaya ya Hai, mimi niko Dar. Apu siitaji jina kwa sababu nimezijaribu na zingine za bure na zote mtindo ni ule ule: unafungua, inakupa vigemu vitatu vinne, kimoja cha kukumbuka vitu vilikaa wapi, kimoja cha hesabu za harakaharaka, kimoja cha kubonyeza ndege kabla hajapotea kwenye skrini, alafu mwisho unapewa maksi na mchoro wa kupanda na kushuka. Bei ya mwaka ilikuwa inakaribia laki na nusu ukibadilisha kutoka dola. Lugha ni Kingereza, Kiswahili hakuna kabisa. Mama Kingereza anacho, kafundisha miaka mingi, ila mzee ambaye hana hapo utakuwa unampima Kingereza chake na sio ubongo.

Kitu cha kwanza kilichonikera hata hakihusu ubongo. Vidole. Mama bado analima, anapalilia migomba na kahawa mwenyewe, vidole vyake vimekomaa na vimekauka, basi ile skrini haimsomi. Anabonyeza ndege, ndege hatoki, anabonyeza tena kwa nguvu, apu inahesabu kakosea. Nilikaa pembeni yake nikaona kwa macho yangu jibu analo, kidole kiko pale pale panapotakiwa, na bado anaandikiwa kosa. Akilowesha kidole kidogo kwa kitambaa chenye maji inakubali, kwa hiyo gemu zima akawa anacheza na kitambaa mkononi. Wazee wa vijijini wote wana vidole hivi jamani, aliyetengeneza hiki kitu hajawahi kukaa na mmoja wao.

Cha pili ni ile sehemu ya "umri wa ubongo". Ukimaliza kipimo cha mwanzo apu inakuambia ubongo wako una miaka mingapi, na kwa mama ikaleta namba kubwa kuliko umri wake. Akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu mimi ndo nimeshachoka hivi?" Siku ile hakucheza tena na wiki nzima iliyofuata ukimpigia anaanza na hiyo habari, kwamba mashine imesema. Hii sehemu ingeondolewa leo hii. Kinachopimwa pale kwa sehemu kubwa ni kasi, na kasi kila mtu inampungua, inaanza kupungua hata kabla hujafika 40, wakati misamiati na ujuzi wa maisha vinaendelea kukaa vizuri au hata kuongezeka mpaka uzeeni. Watu wa saikolojia wametenganisha hivi vitu viwili tangu miaka ya 1960, Cattell na Horn, akili ya kukamata jambo jipya harakaharaka ni moja na akili iliyojengwa na elimu na uzoefu ni nyingine. Apu inapima hiyo ya kwanza peke yake alafu inampa mtu mzima umri.

Sasa zile nyota 2 ni za nini. Ni kwamba mazoezi yenyewe sio uongo mtupu. Kuna utafiti mkubwa Marekani unaitwa ACTIVE, walichukua wazee 2,832 wa miaka 65 kwenda juu wakawagawa, kundi moja likafundishwa kumbukumbu, lingine mantiki, lingine kasi ya kuona na kuitikia, na la nne halikufundishwa kitu. Majibu ya kwanza yalitoka 2002: kila kundi liliboreka kwenye kile kile lilichofundishwa na hakikuhamia kwenye vingine. Aliyefundishwa kumbukumbu kasi yake ilibaki pale pale. Walipowafuatilia mpaka mwaka wa kumi, faida ya mantiki na ya kasi bado ilikuwa inaonekana, ya kumbukumbu ilishapotea. Kwa hiyo ukicheza gemu la ndege utakuwa mzuri kwenye gemu la ndege na vitu vinavyofanana nalo, hilo ni kweli, na mama alivyozoea alifurahi, hasa zile za hesabu, mwalimu wa hesabu huwezi kumtoa hapo. Ila kutoka hapo kuja kusema inazuia ugonjwa wa kusahau ni mbali sana. Lumosity, ambayo labda ndo maarufu kuliko zote, mwaka 2016 ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza kesi ya matangazo na tume ya biashara ya Marekani, FTC, kwa sababu ilikuwa inatangaza kwamba gemu zake zinachelewesha mambo ya kusahau uzeeni na ushahidi wa kutosha haikuwa nao. Kwa hiyo ukiona tangazo la namna hiyo kwenye simu yako, kumbuka hiyo.

Lakini mimi shida yangu kubwa na hizi apu sio hata hiyo. Shida ni kwamba kilichokuwa kinanitisha kuhusu mama ni maamuzi. Kupoteza miwani hakunisumbui, hata mimi napoteza. Kilichonisumbua ni simu. Wote tunazijua, "ile hela tuma kwenye namba hii", na zile za mtu anajifanya ni mwalimu wa shule mtoto kaanguka, na zile za umeshinda zawadi lipia kwanza ada ya usajili. Mama ameshatuma. Hakuwa amesahau kitu chochote, alikumbuka vizuri kabisa jina la aliyempigia, kiasi, na saa, alinieleza neno kwa neno. Kumbukumbu ilikuwa nzima, kilichoshindwa ni kile kitu ndani yako kinachokuambia huyu mtu simuelewi.

Na hicho kitu kimechunguzwa, ndo sehemu iliyonifanya nikae nisome mpaka usiku. Antonio Damasio, daktari wa ubongo, na wenzake chuo kikuu cha Iowa huko Marekani walikuwa na wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya chini katikati, juu ya macho. Watu hawa ukiwapa mtihani wa akili wanafaulu, wanaongea vizuri, kumbukumbu ipo, ila maisha yao yanaharibika kwa maamuzi, biashara zinakufa, wanaamini watu wabaya. 1994 wakina Bechara, wa timu hiyo hiyo, wakatoa mchezo wa karata. Mafungu manne, mawili ukivuta unapata dola 100 kila mara ila faini zake ni kubwa mpaka unaishia kwenye hasara, mawili unapata 50 tu ila faini ndogo na mwisho unabaki na faida. Mtu mzima wa afya anacheza cheza, baadae anahamia kwenye yale ya 50. Wale wagonjwa wanaendelea kuvuta ya 100 hela inaisha. Alafu wakawafunga vifaa vya kupima jasho la mkononi, na hii ilichapishwa 1997: watu wa kawaida mkono ulikuwa unaanza kutoa jasho kabla hawajagusa lile fungu baya, na hata kabla wenyewe hawajaweza kueleza kwamba ni baya. Wale wagonjwa mkono mkavu. Yaani hisia haikuwa inaharibu uamuzi, hisia ndo ilikuwa inauongoza, na ikikosekana akili ya darasani haitoshi.

Sasa kilichonigusa, Natalie Denburg, naye wa hapo hapo Iowa, na wenzake waliwapa mchezo huo huo wazee ambao hawana ugonjwa wowote, na 2005 wakaandika kwamba wengi wao hawako hivyo ila baadhi, wazima kabisa, kumbukumbu nzuri, walikuwa wanachagua mafungu mabaya kama wale walioumia. Na chuo kikuu cha UCLA, Marekani pia, 2012 timu ya Shelley Taylor iliwaonyesha watu picha za sura, zingine za kuaminika zingine za kutilia shaka. Vijana na wazee walikubaliana kwenye zile nzuri, ila zile za kutilia shaka wazee walizipa imani zaidi, na kwenye picha za ubongo ile sehemu inaitwa insula, ya mbele, ambayo inahusika na ile hali ya tumbo kukataa, kwa wazee iliitikia kidogo kuliko kwa vijana. Nilivyosoma hapo niliacha kumlaumu mama. Tulikuwa tunamgombeza, kaka zangu hasa, "mama si tulikuambia!", na yeye anajiinamia.

Na sio kwamba mzee anashuka kila upande, hapa watu wanakosea sana. Laura Carstensen, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha Stanford, ameonyesha kwa miaka mingi kwamba mtu akijua muda uliobaki ni mfupi anachagua vitu vyenye maana kwake, watu wachache wa karibu, anaangalia jema zaidi kuliko baya na hisia zake zinatulia kuliko za kijana. Hiyo ninaiona kabisa kwa mama. Ulipotokea ugomvi wa mpaka wa kihamba, yaani shamba letu la ukoo, na majirani, sisi watoto tulikuwa tunapiga kelele za mahakama, yeye akaenda kukaa nao akarudi limeisha na mpaka umepandwa masale, ule mmea wa Wachagga wa mipaka na wa amani. Hakuna gemu la simu linapima hicho. Ila ukiangalia vizuri utulivu huo huo wa kuona jema ndo unamfungulia mlango yule wa "nimekosea kutuma nirudishie mama yangu". Hili mimi naliona kwa akili yangu, sijasema ni utafiti.

Upande wa hela kuna jambo moja nataka kila mtu alishike. Marekani waliunganisha kumbukumbu za matibabu za wazee zaidi ya 80,000 wanaoishi peke yao na kumbukumbu zao za mikopo, ikatoka 2020: wale waliokuja kugundulika na ugonjwa wa kusahau walikuwa wameanza kuchelewesha malipo ya bili mpaka miaka 6 kabla daktari hajasema chochote. Miaka 6! Kwa hiyo ukitaka kujua mapema, angalia luku, bili ya maji, mchango wa kikundi, kama mtu ambaye hajawahi kuchelewa kaanza kuchelewa au kalipa mara mbili. Hiyo ni bure na inakuambia zaidi ya maksi za apu.

Haya, kliniki. Ni ya hospitali moja mkoa wa Kilimanjaro, jina naliacha. Nilifikiri watampa makaratasi achore saa na aandike sentensi, ile mitihani inayodai shule. Nesi aliyetupokea, mama mmoja mpole sana, akatoa njiti za kiberiti. Akazipanga mezani umbo fulani, akamwambia mama, "Bibi, na wewe hebu nipangie hivi hivi." Kisha akamsomea orodha ya maneno ayashike, akamuuliza daraja ni kitu gani, leo siku gani, na taja wanyama wote unaowajua ndani ya dakika moja. Mama akaanza na ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, akaenda tembo, pimbi, mbega, akasimama kidogo, akasema "na siafu, siafu ni mnyama?" nesi akacheka akaandika. Mwisho akarudishwa kwenye yale maneno ayataje. Imechukua muda mfupi sana na mama alitoka anaongea, sio kama siku ya ile namba ya umri wa ubongo.

Baadae nikajua kipimo hicho kinaitwa IDEA na kimetengenezwa hapo hapo Hai! Watafiti wa Tanzania na Uingereza walifanya kazi vijijini kwetu, walipita kwa watu 1,198 wa miaka 70 na kuendelea na matokeo yalichapishwa 2013, wenye ugonjwa wa kusahau ukisawazisha kwa umri ni asilimia 6.4. Kabla ya hapo watu wengi walikuwa wanasema Afrika ugonjwa huu haupo au ni kurogwa. Na kwa sababu wazee wengi hawakupita shule wakatengeneza kipimo kisichohitaji kalamu, jumla maksi 15, ukipata 7 kushuka chini unaangaliwa zaidi. Ni kipimo cha kuchuja tu, hakitoi jina la ugonjwa, hilo nesi alilisema vizuri. Mimi nilijisikia fahari jamani, kitu kizuri namna hii kimetoka migombani kwetu na watu wa Machame wenyewe hawakijui, wananunuliwa apu za dola.

Sasa nyota moja nimeikata kwa nini. Kwanza mlango ulikuwa wazi, watu wa foleni wanasikia mzee akiulizwa leo ni siku gani. Hiyo sio sawa, mtu anaulizwa mambo ya heshima yake, funga mlango. Pili, walianza kupima kumbukumbu kabla ya kupima masikio. Mama alikosa maneno mawili matatu, nesi akarudia kwa sauti kubwa zaidi, hapo ndo daktari akaangalia masikio akakuta nta imejaa pande zote mbili. Ikatolewa, wakarudia lile zoezi siku nyingine na maneno yakaongezeka. Ukifikiria, neno ambalo hukulisikia utalikumbukaje? Na ripoti ya kamisheni ya jarida la Lancet ya 2024 imeweka kutosikia vizuri kwenye vitu 14 ambavyo vyote kwa pamoja vinahusishwa na karibu asilimia 45 ya ugonjwa huu duniani, viko hapo na presha, kisukari, sigara, upweke, sonona, kutokuona vizuri, elimu ndogo utotoni na vingine. Sikio lingekuwa hatua ya kwanza mlangoni.

Daktari naye alifanya kitu nilikipenda, aliomba kuona dawa zote. Kumbe mama alikuwa anameza piritoni kila usiku ili apate usingizi, ananunua mwenyewe dukani. Dawa za mzio za aina hiyo, zile za zamani zinazoleta usingizi, kwa mzee zinaweza kumchanganya na kumharibia kumbukumbu, zinazuia kemikali moja ambayo ubongo unaitumia kukumbuka. Akamuachisha. Akatuagiza damu ya vitamini B12 na tezi shingo, na akamuuliza mama taratibu kuhusu huzuni tangu baba afariki, maana sonona kwa mzee inaweza kufanana kabisa na kusahau. Hakuna apu imewahi kumuuliza mama yangu kuhusu baba.

Majibu yake siyaweki yote humu, ni yake. Nitasema tu alishauriwa apunguze chumvi, presha ifuatiliwe, atembee, na asikae peke yake. Hii ya kuchanganya vitu watu wa Finland waliifanyia jaribio linaitwa FINGER, watu 1,260 wa miaka 60 mpaka 77 ambao walikuwa kwenye hatari, miaka miwili, chakula, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na kufuatilia presha na moyo kwa pamoja, na 2015 wakatangaza kwamba kundi hilo lilifanya vizuri zaidi kuliko wale waliopewa ushauri wa kawaida. Ona mazoezi ya akili yapo, ila ni kipande kimoja tu. Na huko Hai walishajaribu pia vikundi vya wazee wenye ugonjwa huu, vikao 14, wanakaa pamoja wanaongea, wanafanya kazi za mikono na mambo ya zamani, na ilionekana inawezekana kabisa kufanyika kijijini na wazee wakapata nafuu. Vikundi kama hivi vikisogezwa makanisani na misikitini mimi nitachangia wa kwanza.

Kuhusu zile simu za matapeli hakuna aliyetuuzia dawa, tumepanga wenyewe na mama mwenyewe ndo alitaka iwe hivi: akipigiwa na mtu yeyote anayetaka hela, hata akisema ni mimi, anakata, anampigia dada anayekaa jirani, wanaongea, ndo anaamua. PIN hatujamnyang'anya. Kaka mmoja alitaka tuchukue laini kabisa nikakataa, mtu aliyesomesha watoto kwa mshahara wa ualimu humnyang'anyi simu kwa sababu ya tapeli, unachotakiwa ni kumrefushia muda kati ya simu na kutuma, kwa sababu wale watu nguvu yao yote ni kumharakisha.

Nani anunue hii apu basi? Mzee anayejua Kingereza, anayependa magemu, mwenye macho mazuri na bando la uhakika, na ambaye atalichukulia kama mchezo wa bao wa kwenye simu. Chukua ya mwezi mmoja uone kama anaipenda, na zima ile sehemu ya umri wa ubongo kama inazimika, kwenye ya kwangu ilikuwa haizimiki. Pia futa malipo mapema maana inakukata hela yenyewe tena mwaka ukiisha, kufuta nimefanya kwenye akaunti ya duka la apu sio ndani ya apu yenyewe, humo ndani sikuona pa kufutia.

Ukienda kliniki nenda asubuhi mzee akiwa hajachoka, awe amekunywa chai, beba miwani yake na dawa zake zote, hata zile za dukani na za miti shamba, weka kwenye mfuko mmoja umpe daktari aone. Na omba wafunge mlango.